Paneli ya Saa kwenye Boti ya Zamani: Mbao, Alumini au Plastiki, Mishale au Skrini

Mwenye boti ya miaka ya 1960 anayeiegesha Entebbe, Ggaba au Jinja, kwenye Ziwa Victoria nchini Uganda, huanza kuifikiria paneli ya saa pale varnishi inapobanduka kama maganda ya kitunguu, kioo cha saa ya joto kinapojaa ukungu wa ndani usiofutika, na mshale wa mafuta unapolala upande mmoja siku zote, tangi liwe limejaa au tupu. Wakati huo wengi wetu hukimbilia swali la ubao: tuweke mbao, alumini au plastiki? Mimi nilianza hivyo hivyo. Baada ya kubadilisha paneli mbili, moja kwenye boti yangu na nyingine kwenye boti ya jirani yangu wa gatini, nimesadiki kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni saa zenyewe pamoja na senda zilizofungwa kwenye injini na tangi, kwa kuwa hizo ndizo zinazoamua ukubwa wa matundu, kina cha nafasi inayohitajika nyuma na idadi ya nyaya, na zaidi ya yote ndizo zinazomwambia nahodha ukweli au kumdanganya akiwa katikati ya maji. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia kwenye saa, kisha unarudi kwenye ubao.

Kwa neno saa ninamaanisha kile ambacho mafundi wa magari pia hukiita geji: takometa inayohesabu mizunguko ya injini, saa ya presha ya oili, ya joto la maji, ya mafuta na ya umeme. Senda ni kile kifaa kidogo kilichopo upande wa pili wa waya, kinachopima na kupeleka habari kwenye saa.

Kuzitengeneza saa za zamani

Boti yangu ilitengenezwa Uingereza, na kama boti nyingi za huko za kipindi hicho, ilikuja na saa za kampuni ya Smiths: uso mweusi, tarakimu nyeupe, pete ya kromu. Ni nzuri kuzitazama, na anayetaka boti ibaki kama ilivyotoka kiwandani ana haki ya kuzipigania. Lakini azielewe kwanza, maana hazifanyi kazi kwa njia moja.

Saa za mafuta na joto za katikati ya miaka ya 1960 mara nyingi zina utepe wa metali mbili ndani yake, ambao hupinda umeme unapoupasha moto, na ndiyo sababu mshale wake hupanda taratibu baada ya kuwasha swichi badala ya kuruka ghafla. Saa hizo hazilishwi volti 12 za betri moja kwa moja, bali hupitia kidhibiti kidogo kinachozipa takribani volti 10. Kidhibiti hicho kikiharibika, saa zote mbili hukosea pamoja na kwa upande mmoja. Ukiona mafuta na joto vyote vimepanda kuliko kawaida kwa siku moja, usianze kufungua injini wala tangi. Tazama kidhibiti kwanza, na hakikisha bodi yake imeshikana vizuri na waya wa ardhi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, kwa sababu bila ardhi hakidhibiti chochote.

Saa ya presha ya oili ya zamani ni jambo jingine kabisa. Nyingi hazina umeme: bomba jembamba la shaba huleta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi nyuma ya paneli, na ndani ya saa kuna mrija uliopinda ambao hujaribu kunyooka presha inapoongezeka, mbinu iliyosajiliwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849 na ambayo hadi leo haijazeeka. Uzuri wake ni kwamba betri inaweza kufa na saa ikaendelea kusema kweli. Ubaya wake ni kwamba umebeba oili ya moto karibu na magoti yako, kwenye bomba ambalo miaka 60 ya mtikisiko imelikakamaza na kulifanya livunjike kirahisi pale linapopinda. Anayebaki na saa hii abadilishe bomba zima, asiridhike kulipangusa. Saa ya joto ya aina hiyo hiyo ina mrija uliofungwa pande zote mbili ukiwa na kimiminika ndani. Haukatwi wala haupunguzwi, na ukivunjika, kuujaza upya ni kazi ya karakana maalumu, na hapo kwa kawaida inakubidi uitume saa nje ya nchi na kuingoja kwa miezi.

Kuna vitu viwili ambavyo sivihurumii hata kwa ajili ya uasili. Cha kwanza ni saa ya ampea, inayopima mkondo wa umeme, ambayo hupitisha karibu umeme wote wa boti, isipokuwa wa stata, nyuma ya paneli na kuurudisha tena, ikimaanisha nyaya nene zenye umri wa babu zikiwa hazina fyuzi juu ya miguu ya abiria. Iondoe, uziunganishe nyaya zake mbili kwa kiungo madhubuti ili mzunguko usikatike, na uweke saa ya volti mahali pake. Saa ya volti inaeleza mengi kwa usalama zaidi: betri iliyojaa ikiwa imetulia husoma takribani 12.7, na injini ikiwa inachaji husoma kati ya 13.8 na 14.4. Cha pili ni betri iliyofungwa kinyume, yaani upande wa chanya ukiwa umeungwa kwenye bodi ya injini, jinsi vyombo vingi vya Uingereza vilivyofungwa hadi katikati ya miaka ya 1960. Saa za zamani huvumilia hali hiyo. Takometa ya kisasa ya kielektroniki huungua siku unayoiunga. Pima kwa multimita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, kabla ya kununua chochote.

Saa mpya za mshale

Hili ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa wengi, na ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu kosa lake halionekani.

Saa za mshale za leo zinakuja katika vipimo vilivyozoeleka, milimita 52 kwa saa ndogo na milimita 85 kwa takometa nyingi, hivyo matundu utakayotoboa leo yataipokea saa nyingine baada ya miaka 10. Kila saa inahitaji waya wa umeme, wa ardhi na wa senda, pamoja na wa taa, na fundi yeyote wa umeme wa magari pale Ndeeba, Kampala, anaweza kuufuata mzunguko huo bila kitabu. Saa moja ikifa, nyingine nne zinaendelea. Jua letu la ikweta linapokuwa utosini, uso mweupe wenye mshale mwekundu, au mweusi wenye mshale mweupe, unasomeka kwa kutupia jicho tu.

Tatizo ni omu, kizio cha ukinzani wa umeme. Saa haipimi mafuta. Inapima ukinzani wa umeme unaotoka kwa senda, na dunia haikukubaliana kiwango kimoja. Kiwango cha Kimarekani huanzia omu 240 tangi likiwa tupu na kushuka hadi 33 likijaa. Kiwango cha Ulaya huenda kinyume: omu 10 likiwa tupu, 180 likijaa. Saa zenyewe zinaweza kufanana kwa sura, kwa pete na hata kwa rangi ya boksi, huku tofauti ikiwa imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo kama chawa.

Nilijifunza hili kwa njia mbaya. Tangi la boti yangu lilikuwa limeshabadilishwa na mmiliki wa kabla yangu, likapewa senda ya Ulaya. Fundi niliyempa kazi alileta saa ya Kimarekani, akaiunga, akawasha swichi, na mshale ukapanda hadi katikati. Tangi kweli lilikuwa nusu. Sote wawili tuliridhika. Sasa fanya hesabu: katikati ya safari yake, senda ya Ulaya hutoa karibu omu 90, na saa ya Kimarekani nayo husoma nusu ikiwa karibu na omu 100, kwa hiyo pale katikati, na pale tu, viwango viwili vinavyopingana hukutana na kusema jambo moja. Nilitoka Entebbe kuelekea Ngamba, kisiwa cha sokwe kilicho takribani kilomita 23 kutoka pwani, na njiani niliona mshale ukipanda polepole kupita nusu. Nilidhani ni mawimbi yanayolitikisa boya la ndani ya tangi. Ulipofika robo tatu nilianza kuutazama mara kwa mara. Ulipokaribia alama ya kujaa, injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Nakumbuka ukimya ule vizuri: maji yakipiga ubavu wa boti, na mbele yangu mshale umesimama wima juu ya neno linalosema tangi limejaa. Wavuvi waliokuwa wakirudi na mtumbwi wao walituvuta hadi ufukweni, na hawakutaka malipo zaidi ya petroli waliyoitumia.

Tangu siku hiyo sinunui saa peke yake. Ama ninanunua saa na senda yake kwa pamoja, ama naifungua senda iliyopo, naipima kwa multimita boya likiwa chini kabisa kisha likiwa juu kabisa, naandika namba mbili kwenye karatasi, na kwenda dukani na karatasi hiyo. Kama saa imeshafungwa na una wasiwasi nayo, upo uchunguzi wa dakika mbili: ondoa waya kwenye senda na uuache wazi bila kugusa kitu, saa ya Kimarekani itaonyesha tupu, ya Ulaya itaonyesha limejaa. Kisha gusisha waya huo kwenye ardhi, majibu yatageuka. Ikiwa tangi ni la petroli, fanya hivyo baada ya kufungua vifuniko na kuingiza hewa, kwa kuwa cheche juu ya tangi si jambo la kuchezea. Ni bora zaidi kuufanya upande wa nyuma ya paneli, kwenye mguu wa saa ulioandikwa S.

Presha ya oili na joto la maji vina mtego huo huo, ijapokuwa kosa lake hugunduliwa mapema zaidi, kwa sababu injini baridi inayoonyesha joto la kuchemka humshangaza kila mtu. Na tukizungumzia kuchemka: ziwa letu liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yasiyo na presha huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Ikiwa injini yako inapozwa kwa maji ya ziwa moja kwa moja, usingoje eneo jekundu lililochorwa kwenye saa. Mimi nimebandika alama ndogo nyekundu kwenye 85.

Takometa ina swichi nyuma yake ya kuchagua idadi ya silinda au idadi ya nguzo za altaneta, ile mashine inayochaji betri. Injini ya petroli ya silinda 4 ya mipigo minne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko. Ukiiacha swichi kwenye 8, takometa itasoma nusu ya mwendo halisi, nawe utaendelea kukanyaga mafuta ukidhani injini imechoka. Injini ya dizeli haina cheche, hivyo habari hutoka kwenye mguu wa W wa altaneta, na altaneta nyingi za zamani hazina mguu huo. Uliza mapema.

Skrini moja badala ya saa zote

Skrini ya kidijitali inavutia, na sitaki kuidharau. Skrini moja ya inchi 7 inaweza kuonyesha injini, kina cha maji, ramani na mwendo. Inapiga king'ora yenyewe. Inakumbuka muda wote ambao injini imefanya kazi. Na tundu lake ni moja tu. Kwa boti yenye injini mpya inayozungumza lugha ya NMEA 2000, mtandao unaounganisha vifaa vya boti kwa data, ni chaguo la busara.

Boti ya zamani haizungumzi lugha hiyo. Senda zake hutoa ukinzani, si data, kwa hiyo unahitaji kigeuzi kati ya injini na mtandao, waya mkuu wa mtandao, viungo vyenye umbo la T, na vizibo viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukizima umeme na kupima kati ya nyaya mbili za data unapaswa kupata omu 60. Ukipata 120, kizibo kimoja kimekosekana. Hakuna lolote kati ya hayo lililo gumu, lakini kila kimoja ni kitu cha kuagiza kutoka nje na kungoja, na kikiharibika ukiwa visiwani Kalangala siku ya Jumamosi, hakuna duka la spea ufukweni litakalokuwa nacho. Gharama ya jumla, kigeuzi kikihesabiwa, huzidi kwa urahisi ile ya seti nzima ya saa tano za mshale pamoja na senda zake.

Hofu yangu kubwa zaidi ni kwamba skrini ikizima, unapoteza kila kitu kwa pamoja. Tena, mwanga wa saa saba mchana juu ya maji huishinda skrini nyingi za bei nafuu, na anayevaa miwani ya jua ya polaroidi hukuta skrini nyingine imekuwa nyeusi kabisa anapoinamisha kichwa. Kabla ya kulipa, itoe skrini nje ya duka juani, vaa miwani yako, na uitazame ukiwa umesimama na ukiwa umekaa.

Njia ya kati ambayo jirani yangu aliichagua, na ambayo naiunga mkono, ni saa tano za mshale kwa injini, na kifaa kidogo cha GPS chenye kipimo cha kina kilichofungwa kwenye mkono wake pembeni, chenye fyuzi yake, bila kutegemeana kwa lolote. Na uchague lipi upendalo, usikose swichi ya presha ya oili inayowasha king'ora. Hakuna nahodha anayetazama saa kila dakika, hasa akiwa na watoto ndani ya boti.

Sasa ubao

Nimeona watu wakibishana kuhusu uzito, basi tuumalize mjadala huo kwa hesabu. Paneli ya sentimita 90 kwa 30 iliyotengenezwa kwa alumini ya milimita 3 ina uzito wa takribani kilo 2.2. Ya plaiwudi ya milimita 12 haiko mbali na kilo 2. Uzito hauamui chochote hapa.

Mbao ngumu nzima, mvule au mkangazi, ndiyo inayotajwa kwanza na kila seremala, na ni kweli kwamba mvule hauliwi na mchwa wala hauozi kirahisi. Hata hivyo, ubao mzima uliotobolewa matundu makubwa matano kwa mstari hubaki na vipande vyembamba kati ya tundu na tundu, nao hupasuka kufuata nyuzi za mti pale unapovimba msimu wa mvua na kukauka wa kiangazi. Mvule mkubwa wa kutoa ubao mpana pia umekuwa adimu. Ninachokishauri ni plaiwudi ya boti yenye alama ya BS 1088, iliyobandikwa ngozi nyembamba ya mkangazi juu yake kwa gundi ya epoksi. Tabaka zake hupishana, kwa hiyo hazipasuki, na kwa macho ni mbao tupu. Plaiwudi ya kawaida ya ujenzi usiiguse hata ukipewa bure: ndani yake kuna mapengo, na maji yakiingia hufunguka kama kitabu.

Nilipoitoa paneli yangu ya zamani niliigeuza na kuitazama kwa tochi. Uso wote ulikuwa imara. Kilichooza kilikuwa ni mdomo wa kila tundu: duara jeusi la upana wa kidole, laini kiasi cha kuingiza ukucha, pale maji yalipokuwa yakipenya chini ya pete ya kromu na kunywewa na nyuzi zilizokatwa. Hakuna aliyewahi kupaka kitu ndani ya matundu. Ndiyo maana leo napaka epoksi mara tatu kwenye mdomo wa kila tundu, hata la skrubu, kabla ya kugusa uso. Juu yake huja varnishi yenye kinga ya jua, si chini ya mikono sita, na kila mwaka msasa mwepesi na mikono miwili mingine. Mwenye kujua kwamba hataifanya kazi hiyo ya kila mwaka asichague mbao. Hapa Entebbe tuko karibu juu ya ikweta kabisa, na varnishi iliyosahauliwa haimalizi misimu miwili.

Alumini ni chaguo la mtu anayetumia boti kwa kazi. Katwe, Kampala, wanakata na kupinda bamba kwa ustadi mkubwa, na fundi mmoja alinipa ushauri ninaoushika hadi leo: “Mzee wangu, usinieleze kwa mdomo, niletee karatasi iliyokatwa.” Nilikwenda na kielelezo cha kadibodi chenye matundu yote, kikiwa kimeshajaribiwa botini na usukani ukiwa umezungushwa kushoto na kulia, na kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Uliza bamba la daraja la 5052 au 5083, ambalo huvumilia maji. Bamba la mapambo ya madirisha ni jepesi mno na hutetemeka pamoja na injini. Lipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, kwani alumini tupu hukurushia jua machoni asubuhi na jioni. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, hivyo kutu ya kuliana kwa metali tofauti huenda polepole kuliko kule Mombasa, lakini bado weka washa za plastiki pale skrubu za chuma zinapogusa alumini. Tahadhari kubwa ni umeme: alumini hupitisha, na waya wa moto unaochomoka nyuma yake una ukuta mzima wa kugusa. Kila waya unaopita kwenye bamba upite ndani ya raba ya mviringo.

Kwa dira, alumini na mbao ni salama. Bati la chuma si salama, huvuta sindano.

Plastiki nzito ya polithini, ile nyeupe au nyeusi inayofanana na ubao wa kukatia nyama, haiozi, haihitaji rangi na hutobolewa kwa vifaa vya seremala. Lakini haishiki gundi wala rangi, na hurefuka sana kwa joto: paneli ya mita moja inaweza kuongezeka milimita 3 au zaidi jua likiipandisha nyuzi 30. Ukiikaza kwa skrubu kwenye matundu yasiyo na nafasi, itavimba katikati kama godoro. Toboa matundu marefu kidogo na uache skrubu zipumue. Akriliki inang'aa vizuri dukani na kupasuka kwenye kona za matundu baada ya muda. Sioni sababu ya kuiweka kwenye boti inayopiga mawimbi. Faiba inafaa pale tu ambapo dashibodi nzima ni ya faiba tangu mwanzo, na hapo ni suala la kuziba matundu ya zamani na kutoboa mapya.

Nyaya, ambazo hakuna anayezipiga picha

Paneli mpya juu ya nyaya za zamani ni kanzu nyeupe juu ya mwili usiooga. Ukishaifungua, badilisha nyaya pia, na utumie zile za shaba iliyopakwa bati, ambazo unapozimenya huwa za fedha badala ya nyekundu. Fuata rangi zinazotumika kwenye boti nyingi zenye mfumo wa Kimarekani: zambarau kwa umeme wa swichi, kijivu kwa takometa, samawati kwa presha ya oili, rangi ya ngozi kwa joto la maji, waridi kwa mafuta. Atakayeifungua paneli baada yako atakuombea dua. Waya mkuu uwe na fyuzi karibu na betri, ndani ya sentimita 18, si nyuma ya paneli. Waya chanya na hasi wa taa ya dira usokotwe pamoja, ili usumaku wake ujifute.

Kwa injini ya petroli ya ndani, tenga nafasi ya swichi ya feni ya kutolea hewa na uiweke kabla ya swichi ya kuwasha, mkono uifikie kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na feni inapaswa kuzunguka dakika 4 kabla ya kuwasha.

Nani achague nini

Kama boti yako hutoka mara chache kwa mwaka na thamani yake ni uasili, tengeneza saa za Smiths, ziweke kwenye plaiwudi yenye ngozi ya mkangazi, toa saa ya ampea, ongeza king'ora. Kama unabeba wageni kwenda visiwani kila wiki, chukua alumini nyeusi na saa mpya za mshale zenye kioo kisichopitisha maji. Wakati wa vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi, utaipangusa paneli hiyo kwa kitambaa kimoja, ilhali kwenye pete za kromu utahangaika na kijiti. Kama umeshaamua kubadilisha injini ndani ya mwaka mmoja au miwili, usifanye paneli ghali sasa: kata ya muda kwa polithini, kisha uende kwenye skrini pamoja na injini mpya. Kwa mwenye boti ya familia kama yangu, mbao na mishale mipya, na GPS yake pembeni.

Kazi ya mwisho, ambayo ni sawa kwa wote, ifanyike kabla boti haijatoka gatini. Litoe tangi petroli yote, kisha anza kulijaza kwa madumu, lita 10 kwa kila hatua, boti ikiwa imetulia na swichi ya umeme ikiwa imezimwa unapomimina. Baada ya kila dumu subiri kidogo, washa swichi, soma mshale, andika. Tangi langu lina umbo la kabari, hivyo robo ya saa si robo ya mafuta: mshale unapogusa robo, zimebaki lita 14 kati ya 80. Kadi ile yenye namba hizo nimeifunika kwa plastiki na kuibandika chini ya saa ya mafuta, na mwanangu anayeanza kujifunza kuendesha boti huisoma kwa sauti kabla hatujafungua kamba.